Piano Si Josho la Muziki wa Roki

Ipo sifa moja isemwayo kwa nia njema na watu wa adabu, nayo ni kwamba wimbo fulani wa roki, ambao ulikuwa hauvumiliki kwa makelele yake ulipopigwa kwa magitaa na ngoma, umekuwa mzuri ajabu baada ya kupigwa kwa piano na mtu aliyesomea muziki wa kale wa Ulaya, kana kwamba wimbo ule ulikuwa mchafu ukaoshwa, au ulikuwa mshenzi ukastaarabishwa, na sasa waweza kuingizwa sebuleni mbele ya wageni bila ya mwenye nyumba kuona haya. Sifa hiyo mimi siikubali. Inamdhulumu aliyeutunga wimbo, kwa kuwa inakana kwamba ukali wake ulikuwa kusudi lake wala haukuwa kasoro. Na inaidhulumu piano nayo, ambayo haikuundwa iwe josho la nyimbo za wengine, wala katika umri wake wa miaka 300 na ushei haikupata kuwa ala ya upole mtupu.

Maana tukirudi kwenye asili yake, Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda aliyekuwa akiutumikia ukoo wa Medici katika mji wa Florence, alipoiunda piano ya kwanza mnamo mwaka 1700 hivi, alitaka kinanda ambacho mpigaji ataweza kukinong'onesha na kukifokesha kwa nguvu ya vidole vyake mwenyewe, ilhali vinanda vikubwa vya zama zile, vilivyodonoa nyuzi kwa ncha za manyoya ya ndege, vilitoa sauti ya kiasi kimoja hata mpigaji akandamize vipi. Karne ya kumi na tisa ikazidi kuitia nguvu: kiunzi cha mbao kikakiachia nafasi kiunzi cha chuma, nyuzi zikanenepeshwa na kukazwa, hata leo piano kubwa ya ukumbini hubeba ndani ya tumbo lake mvuto wa takriban tani 20. Franz Liszt, yule mpiga piano Mhangaria, alikuwa akikata nyuzi mbele ya hadhira, na mabibi wa Berlin, kama inavyosimuliwa, wakinyang'anyana glavu zake, mpaka mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine akalazimika kuibunia jina homa ile. Waliokuwapo katika ghasia zile wangestaajabu mno kuambiwa kwamba piano ni ala ya kuwatuliza watu baada ya chakula cha jioni.

Liszt huyohuyo ndiye anayetufaa katika hoja hii, kwa sababu alifanya kazi ya kuhamisha muziki wa wengine na kuuleta kwenye piano kwa wingi na kwa ustadi ambao ni nadra kupata kifani chake. Simfonia zote 9 za Beethoven alizihamisha, zikachapishwa zote mwaka 1865. Na mapema zaidi, mwaka 1833, akiwa kijana wa miaka 21, aliihamisha Symphonie fantastique ya Hector Berlioz, kazi iliyoandikwa kwa okestra kubwa yenye ngoma, kengele na tarumbeta nyingi, ambayo wengi wa zama zake waliiona kuwa ni wazimu mtupu. Miaka miwili baadaye mtunzi Robert Schumann aliandika katika gazeti lake la muziki mjini Leipzig uchambuzi mrefu wa simfonia hiyo, uchambuzi ambao hadi leo unasomwa vyuoni. Na maandishi kamili ya okestra yalikuwa bado hayajachapishwa, basi kitu alichokuwa nacho mezani kilikuwa ni kurasa za piano za Liszt tu. Kwa kurasa hizo aliupima wazimu wa Berlioz, akautetea, na kazi ya Liszt yenyewe akaipa hadhi ya kazi inayojitegemea. Hakusema kwamba Berlioz ameoshwa. Tena Liszt alikuwa na desturi ya kuandika majina ya ala juu ya mistari ya piano, ili mpigaji asisahau kwamba hapa mkono wake ni tarumbeta na pale ni ngoma, jambo ambalo lingekuwa upuuzi lau nia yake ingekuwa ni kuzifuta tarumbeta na ngoma hizo zisisikike.

Walakini haifai kuifanya hoja iwe nyepesi kuliko ilivyo, kwa kuwa roki, na hasa ile nzito iitwayo metali, ina shida ambayo Beethoven hana. Simfonia kwa sehemu kubwa imo katika karatasi. Badilisha ala, na sauti na mpangilio wake vitabaki kutambulika. Katika metali, mlio wenyewe wa gitaa ni nusu ya utungo, na mlio huo una historia ya mwili wa mtu. Tony Iommi, kijana wa Birmingham, alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye hudonoa gitaa kwa mkono wa kushoto, mkono ule wa kulia ndio uliokuwa ukibana nyuzi. Akajitengenezea vikofia vya vidole kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomwumiza, na baadaye akazilegeza hata zikashuka chini ya kimo cha kawaida. Na sauti iliyotokana na udhia huo wote, nzito, ya kiza, yenye kujiburura, ndiyo iliyoanza kusikika katika santuri ya kwanza ya kundi lake la Black Sabbath mwaka 1970 na kukomaa katika zile zilizofuata. Nani atakayeihamisha ajali ile kwenye piano?

Na tuitazame sauti hiyo kwa karibu, kwa maana humo ndimo lilimo tatizo lote la mpiga piano. Amplifaya inapolishwa nguvu kupita kiasi chake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na katika kukatwa huko huzuka sauti nyingine za juu ambazo mkono wa mpigaji haukuzipiga. Kadhalika sauti dhaifu na sauti kali hukaribiana nguvu, hata uzi uliodonolewa mara moja huendelea kunguruma kwa muda mrefu kabla ya kufifia. Ndiyo sababu wapigaji wa metali aghalabu hupiga pamoja sauti mbili tu, ya msingi na ya tano yake, wakaiacha ya tatu, kwani ya tatu ikitiwa ndani ya mkwaruzo ule sauti hugombana na kuvurugika. Sasa ya tatu, kama wajuavyo waliosoma muziki, ndiyo inayoamua kama sauti hizo zina uchangamfu wa meja au simanzi ya maina. Kwa kuiacha, wimbo husimama pasipo furaha wala huzuni, umekunja uso, haujasema neno, na humo katika kunyamaza kwake ndimo ilimo sehemu kubwa ya kitisho chake.

Mpiga piano huzichukua sauti zile mbili, akazipiga katikati ya kinanda, nazo zikatoka safi, tupu, na kavu, hazina la kusema. Huona aibu. Ili kuuziba utupu ule huongeza ya tatu, kisha kwa kuwa ya tatu imekaribishwa huongeza ya saba, na pedali ikakanyagwa ili sauti zishikane mikono, na kabla ya sekunde 30 kupita wimbo uliokataa kulia umekwisha kulizwa kwa nguvu. Hapo ndipo nyimbo nyingi hufia, na hapo ndipo msikilizaji wa sebuleni hupiga makofi.

Njia nyingine ipo, nayo ni kushuka. Uzi wa chini kabisa wa gitaa lililokazwa kwa kimo cha kawaida hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde, na ule wa gitaa la besi mara 41. Piano yenye vitufe 88 hushuka hadi mara 27 na nusu, chini kuliko wote wawili. Huko chini, ambako nyuzi ni nene na zimezongwa shaba, sauti ya msingi na ya tano yake zikipigwa kwa nguvu bila pedali hazitoki safi hata kidogo, kwani milio ya juu iliyomo ndani ya kila uzi husuguana na milio ya jirani yake, na kinachotoka ni ngurumo ambayo ni mali ya piano yenyewe, haikuazimwa kwa gitaa. Béla Bartók aliijua siri hiyo alipotunga Allegro barbaro mwaka 1911, na Sergei Prokofiev aliijua vilevile mwaka uliofuata alipotunga Toccata yake, inayoanza kwa kuigonga sauti moja tena na tena kama mtu anayedai deni mlangoni. Tungo hizo zimo katika maktaba ya kila chuo cha muziki, na aliyezipiga hana udhuru wa kusema kwamba piano haina ukali wa kutosha.

Kugonga sauti moja bila kukoma ni jambo linalostahili maneno zaidi, kwa sababu hapo mambo mawili yanayodhaniwa kuwa mbalimbali yanakutana uso kwa uso. Mwaka 1815 Franz Schubert wa Vienna, akiwa na umri wa miaka 18, alitunga Erlkönig, wimbo wa mwimbaji mmoja na piano, ambamo mkono wa kulia wa mpiga piano huigonga sauti ileile katika vimo viwili karibu wimbo mzima, kwa kuwa farasi anakwenda mbio usiku na mtoto anakufa mikononi mwa babaye. Na kwa mwendo ulioandikwa katika kitabu, mkono huo hugonga mara saba na zaidi kwa kila sekunde. Mwaka 1986, yaani miaka 171 baadaye, James Hetfield wa kundi la Metallica la California, katika wimbo uitwao Master of Puppets, alizipiga nyuzi za gitaa kwa kushusha mkono tu, bila ya kuupandisha ukipiga, kwa mwendo unaozidi mapigo 200 kwa dakika na kila pigo likigawanywa mara mbili, na ukiihesabu hesabu hiyo utapata takriban mara saba kwa sekunde. Mkono wa Vienna na mkono wa California imechoka kwa kiasi kilekile. Na kuchoka huko si habari ya mpigaji peke yake, kwani msikilizaji hukusikia: mpiga gitaa anayepiga kwa kushusha na kupandisha hupata sauti zote kwa nusu ya taabu, lakini ghadhabu imepungua, na mpiga piano anayezigawa sauti zile kwa mikono miwili ili ajipumzishe amefanya jambo lilelile. Piano, tangu Sébastien Érard wa Paris alipoitengenezea mwaka 1821 mtambo unaoiwezesha nyundo kupiga tena kabla kitufe hakijarudi juu kabisa, ina uwezo wa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kifundo cha mkono na moyo wa kukubali kuumia.

Kwa hiyo huniudhi kuona kwamba wengi wanaojitangaza kuwa wameileta metali kwenye piano hukimbilia kwanza wimbo wa Nothing Else Matters, wa Metallica haohao, wa mwaka 1991, ambao tangu mwanzo wake ulikuwa mpole. Katika gitaa, mwanzo wa wimbo ule una uzuri wake: nyuzi nne zinadonolewa zikiwa wazi, mkono wa kushoto haubani kitu, na kila uzi unaachwa ulie mpaka uchoke. Katika piano, sauti zilezile ni zoezi la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mpigaji anaupunguza mwendo, anazama katika pedali, anafumba macho, na watu wanasema kwamba amedhihirisha uzuri uliokuwa umefichika. Haukuwa umefichika, ulikuwa wazi kwa kila aliyeununua. Christopher O'Riley, mpiga piano Mmarekani wa muziki wa kale wa Ulaya, alipotoa santuri ya nyimbo za Radiohead mwaka 2003, alichagua kundi ambalo nyimbo zake zimejaa sauti zinazopishana na kusukana, na mikono yake miwili ilikuwa na kazi ya kweli ya kuzisuka upya. Huyo simlaumu, ingawa Radiohead si metali na wala hakudai kuwa ni metali.

Wako wanaouliza kwa nini wale vijana wanne wa Finland waitwao Apocalyptica, waliotoka katika chuo cha Sibelius mjini Helsinki na kutoa santuri yao ya nyimbo za Metallica kwa selo nne mwaka 1996, walifaulu kwa wepesi ambao wapiga piano hawajaupata. Jibu liko katika upinde. Upinde hukwaruza, hushikilia sauti, huizidisha baada ya kuanza, na kidole cha selo huweza kuivuta sauti kutoka kimo hadi kimo; lakini nyundo ya piano ikishaugonga uzi na kurudi mahali pake, mpigaji hana tena amri juu ya sauti ile isipokuwa kuiacha ife au kuiua. Atakayesahau tofauti hiyo atahangaika bure kuiga kilio kirefu cha gitaa, ambacho piano haikukirithi.

Sisi wa pwani hii tuna sababu yetu wenyewe ya kuufuatilia mjadala huu, nayo ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa wazazi wa Kiparsi, akapelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akajifunza piano huko, kisha mwaka 1964 akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Huko Shangani, Unguja, yako makumbusho yake, na wageni hupiga picha mlangoni kwa shauku ambayo wenyeji wengi hawaishiriki. Jambo ambalo waongoza wageni hawalitaji, na ambalo kwangu lina thamani kuliko picha zote, ni kwamba katika Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanalipuka na vichwa vya vijana vinaanza kutikiswa, utungo wa gitaa haukutungwa na mpiga gitaa. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, kundi lao, amepata kueleza kwamba ulikuwa ni utungo wa Freddie, ulitoka katika piano, na kwamba kwa vidole vya mpiga gitaa ulikuwa na ugumu usio wa kawaida, kwa sababu ulifikiriwa na mikono iliyozoea vitufe. Basi hapo msafara umekwenda kinyume: ukali umetoka katika piano ukaliendea gitaa, na gitaa ndilo lililolazimika kujifunza. Piano aliyoinunua Freddie mwaka huohuo wa 1975 ilipigwa mnada London mwaka 2023 kwa pauni milioni 1.7 na zaidi, na sina hakika kwamba aliyetoa fedha zile alikuwa akinunua kipande cha historia ya metali, ingawa ndicho alichonunua.

Siyo kwamba kila wimbo mkali una haki ya kuletewa piano. Sauti ya mwimbaji anayenguruma kooni haina kimo kinachoweza kuandikwa, na mpiga piano anayejaribu kuitafutia kimo hubuni wimbo ambao haukuwapo. Kundi la Duma la Nairobi, la watu wawili, lililotoa santuri yake mwaka 2020 kwa kupitia kampuni ya santuri ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lina mayowe na mapigo ya mitambo yanayokwenda kwa kasi isiyohesabika kwa sikio, na ninaposikiliza sioni mahali ambapo kidole cha mpiga piano kingeanzia. Na waachwe kama walivyo.

Walimu wa piano wa miji yetu, ambao wanafunzi wao hukesha wakijiandaa kwa mitihani inayoletwa kutoka London, mara nyingi huwanyima wanafunzi hao nyimbo za roki mpaka watakapomaliza Bach yao, kisha siku ya sherehe ya mwisho wa mwaka huwaruhusu wimbo mmoja, mpole, kwa ajili ya kuwafurahisha wazee. Ningewashauri wafanye kinyume chake. Mwanafunzi apewe wimbo wa Iron Man wa Black Sabbath, wa mwaka 1970, ambao mwendo wake ni wa taratibu na hautamshinda mtu. Aupige kwa mkono wa kushoto peke yake, katika vitufe vya chini kabisa, sauti ya msingi na ya tano tu, mguu ukiwa mbali na pedali, na kwa juma zima asiruhusiwe kuitia ya tatu hata akiomba. Ataomba. Siku ya pili au ya tatu atalalamika kwamba wimbo ni mtupu, na mwalimu amwambie apige kwa nguvu zaidi. Juma likiisha na achague mwenyewe kama ataitia au ataiacha, na aeleze sababu yake mbele ya darasa kabla ya kurudi kwenye Bach.